Zima Injini, Kuna Msiba

Pikipiki ya mume wangu Nathanael niliichukia tangu siku aliyoileta nyumbani, na sioni sababu ya kuanza kuisifu leo. Ilikuja na vita. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Kampala aliichoka hapa Bukoba, akamwachia Nathanael kwa magunia ya kahawa, na tangu hapo nikawa na mke mwenza wa chuma. Lilikuwa dude kubwa la Kijerumani, la watu wanaosafiri nchi hadi nchi kwa starehe zao: kioo mbele, masanduku mawili ubavuni, kiti kipana ambacho watu watatu wanakaa bila kugombana. Shaban fundi alisema namba za kuhesabu mwendo zilikuwa zimefika mwisho zikaanza upya, na hakuna ajuaye zilifanya hivyo mara ngapi.

Nathanael akazidi kuizungusha. Kyaka, Mutukula, Masaka, akipeleka kahawa kwa njia za panya na kurudi na vitambaa. Biashara hiyo ilipoharibika akageukia samaki, akawa anashinda mialoni, mitumbwi inakotua, huko Muleba na kulala visiwani kwa wavuvi. Pale kwetu Nyanga watoto waliujua mlio wake kabla hajatokeza. Kuna wanawake pia walioujua, lakini hayo sitayafukua hapa.

Katika mwaka wa themanini na sita aliiacha nyumbani kwa sababu ilikuwa haiwaki tena vizuri, akaenda Muleba kwa lori la samaki. Hakurudi. Ikaja habari kutoka kwa Maige, mvuvi wa Kisukuma aliyekuwa akimpangisha chumba kisiwani: Nathanael hasimami, anashika ukuta hata kwenda chooni. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Wengine waliuita Juliana, kama vile vitambaa vilivyotoka ng'ambo ya mpaka, wengine silimu, na kanisani kwetu mchungaji alisema tu "ugonjwa huu wa sasa". Nilijua ni upi. Nilijua pia maana yake kwangu mimi niliyelala naye, lakini hofu hiyo niliiweka kando, kwa kuwa nilikuwa na nyingine iliyokuwa karibu zaidi.

Hofu hiyo ilikuwa kibanja, yaani nyumba yetu na shamba la migomba linaloizunguka. Nilikuwa na mtoto mmoja tu na Nathanael, naye ni msichana, Rozi. Kwetu mtu akikaribia kufa huitwa ukoo, akasema kwa kinywa chake nani abaki na nini, na ndugu wa ukoo wasiopungua wawili wasikie kwa masikio yao. Akisema, "Mke wangu akae hapa amlee Rozi," hakuna wa kunigusa. Akifa bila kusema, kibanja kinarudi kwa ukoo, nami narudi kwa baba yangu na nguo zangu kichwani. Nilikwisha kuona wajane watatu wakipita njia ile, na mmoja wao alikuwa bado ana mtoto mgongoni. Karatasi wazee walikuwa wanaikataa, eti karatasi haina sauti.

Nilikwenda kwa kaka yake mkubwa, Rugemalira, nikamwomba achukue ndugu mmoja waende Muleba wakamsikilize huko huko. Rugemalira hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa mlangoni, macho mekundu, ametoka kumzika mwanawe wa pili.

"Mke wetu," aliniambia, "wa kwenda ni nani? Wiki hii tuna makaburi matatu ya ukoo peke yake. Mlete. Akifika tu, tutakuwa hapa wote."

Mlete! Kana kwamba ni mkungu wa ndizi. Wenye magari nilikwisha kuwaomba. Wakiuliza mgonjwa anaumwa nini na mimi nikinyamaza, walikuwa wanaondoka. Ikabaki pikipiki ile, na mtu pekee aliyeweza kuiendesha na kuifufua alikuwa Shaban.

Shaban alikuwa na kibanda chake mjini, karibu na soko. Aliifungua akanionyesha, na mimi ambaye sikuwahi kujali chuma nikajua matumbo ya kabureta kuliko nijuavyo zaburi.

"Mama Rozi, hii ina kabureta mbili, kila upande moja. Ni kama mama wa mapacha. Wa kulia ananyonya vizuri. Wa kushoto anapaliwa."

Akanieleza. Ndani mna kikombe kidogo. Petroli ikiingia, boya linapanda, linasukuma sindano, na sindano inaziba tundu ili petroli isizidi. Ncha ya sindano ile ilikuwa imelika, ina alama iliyozunguka kama kidole cha mtu aliyevua pete ya ndoa. Haikuziba tena. Pikipiki ikiwa inatembea, injini ilikunywa kilichozidi na mambo yakaenda. Ikizimwa, petroli iliendelea kuingia, plagi ikazama, na kuiwasha tena ikawa kazi ya kumfufua Lazaro.

"Si ufunge koki ya tangi unapozima?" nikamwuliza, najiona nimepata akili.

"Koki nayo haifungi. Mpira wake umekufa zamani." Akachukua kipande kingine, kile kinachopanda na kushuka mtu akivuta resi. Kilikuwa kimelika upande mmoja hadi kinang'aa. "Na huyu anapitisha hewa pembeni. Maana yake haiwezi kunguruma taratibu. Ama ipige kelele, ama izime. Katikati hakuna."

"Basi weka vipya."

"Vipya viko Ujerumani, Mama Rozi. Hapa hata sabuni hatuna."

Alichukua sindano ya pikipiki ndogo iliyokufa. Ilikuwa fupi. Akaiongeza ncha kwa risasi ya kulehemia, akaisaga juu ya kioo kwa majivu na oili, akairudisha, akafungulia petroli, tukatazama chini ya kabureta. Tone likaja. Akaitoa, akaisaga tena. Tone likaja. Nilikaa juu ya tairi bovu natazama mahali tone linapotokea, na nilijiona mjinga kuliko watu wote wa Bukoba. Mume wangu anakufa kisiwani na mimi natazama tone la petroli. Nilitaka kumpiga Shaban, nilitaka kumbusu mikono, sikujua kipi kitangulie. Siku ya pili, mchana, tone halikuja.

"Itashika?" nikauliza.

"Ikishika, itashika."

Jibu gani hilo! Lakini ndilo lililokuwepo.

Rozi nilimwacha kwa jirani, tukaondoka Nyanga alfajiri. Kwenda kulikuwa kuzuri mpaka nikaogopa. Pikipiki ilipiga kelele zake, barabara ya vumbi ikawa tupu, tukafika Muleba, tukateremka hadi mwaloni. Huko tulingoja, maana nilikwisha kumpelekea Maige habari atuvushie mgonjwa. Maige alichelewa kwa sababu Nathanael hakuweza kukaa ndani ya mtumbwi, ilibidi wamtengenezee malazi ya nyasi katikati ya nyavu. Jua lilikuwa limeshapita utosini tulipowaona. Maige alimbeba mgongoni majini mpaka nchi kavu, na alimbeba bila kuhema.

Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa sauti, maana sauti ilikuwa bado yake.

"Umekuja na kitu changu?" akauliza, akiitazama pikipiki.

Nikalia kwa hasira. Mtu amebaki mifupa, na bado anasalimia chuma kwanza.

"Shemeji, usimlaumu," Maige akasema. "Siku zote alikuwa anasema mtamfuata nayo. Ndicho kilichomwamsha asubuhi."

Nathanael akanishika mkono. "Nifikishe, Alistidia. Maneno ninayo. Nimeyapanga."

"Niambie mimi."

"Wewe yatakusaidia nini? Nifikishe."

Tulimkalisha katikati, Shaban mbele, mimi nyuma. Tulimfunga kwa kanga kwenye mgongo wa Shaban, na mimi nikamzungushia mikono. Kifua chake kilikuwa na moto. Maige akasukuma, injini ikashika, tukaondoka.

Sasa lazima niseme jambo ambalo mtu wa mbali anaweza kulishangaa. Kwetu hupiti msibani juu ya chombo. Mwenye baiskeli anashuka na kukokota. Mwenye pikipiki anazima, anasukuma mpaka awaache waombolezaji nyuma, ndipo anawasha. Asiyefanya hivyo ni kama amewatemea mate. Zamani haikumsumbua mtu, maana msiba ulikuwa jambo la mara moja moja. Lakini miaka ile ulikata kona, ukaona watu wamekaa kwenye nyasi, ukakata kona nyingine, ukawaona wengine. Na kwetu watu huzikwa alasiri. Asubuhi tulipopita walikuwa bado hawajakusanyika. Nilipanga yote, nikasahau saa ya kuzika, na Shaban naye akasahau. Akili zetu zote zilikuwa kwenye sindano.

Msiba wa kwanza ulikuwa kabla ya Muhutwe. Shaban akazima bila kuuliza. Tukashuka, Nathanael akabaki amelala juu ya tangi, tukasukuma. Vijana wawili waliacha kukaa wakaja kutusaidia. Hawakuuliza mgonjwa anaumwa nini. Tulipofika mbele Shaban alipiga kiki, haikuwaka. Akafungua plagi, akaipangusa kwa shati, akaipuliza, akapiga kiki mpaka jasho likamwingia machoni. Ikawaka kwa mshindo na moshi mweusi. Nathanael akacheka kidogo. "Mzee bado yupo," akasema.

Wa pili ulikuwa Kyetema, na hapo walikuwa wanazikwa wawili pamoja, mtu na mkewe. Tukazima. Safari hii petroli ilikuwa inatiririka kwenye kabureta ya kushoto, harufu yake imejaa hewani. Tulipowapita waombolezaji Shaban alifungua kikombe, akaitoa sindano, akaitazama. Barabara ilikuwa imeitikisa. Ile ncha ya risasi ilikuwa imepinda. Akaitia mdomoni, akainyoosha kwa meno, akaisaga juu ya jiwe.

Nathanael tulikuwa tumemlaza kwenye nyasi. Nilimpa maji, yakatoka pembeni ya mdomo.

"Sema na mimi," nikamwambia.

"Nayatunza," akasema. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta.

"Shaban, harakisha!"

"Mama Rozi, nikiharakisha nitaivunja. Ikivunjika hatuna nyingine." Niliona anataka kulia, na hilo liliniogopesha kuliko sindano. Mtu akizama mtoni hataki kuona mwokozi wake naye anameza maji.

Iliwaka, sijui kwa nguvu ya nani. Tulikimbia. Nilianza kuihesabu miti, nikaacha, nikaanza kusali, nikaacha. Tulipofika Ijuganyondo nilivuta pumzi, maana kutoka hapo Nyanga si mbali, ni mahali tunapokwenda sherehe kwa miguu. Tukakata kona. Kulikuwa na watu wamejaa mpaka barabarani, na wanaume wakiwa na majembe katikati ya migomba.

Shaban alipunguza moto.

"Usizime," nikamwambia.

"Mama Rozi, siwezi kupita hapa na mlio huu. Nitawaangalia vipi watu?"

"Pita polepole."

"Nilikwambia, polepole haina!"

"Basi pita na kelele zako! Ukizima haiwaki tena, unajua, na mimi najua. Pita!"

Ndipo Nathanael akasema. Alisema kwa Kiswahili, ili Shaban naye asikie vizuri. "Zima, Alistidia. Ni watu hao."

Nilimsikia. Nilinyoosha mkono juu ya bega lake, nikampiga Shaban mgongoni, na Shaban akavuta resi.

Tulipita katikati yao. Ile kelele niliijua miaka saba, lakini siku hiyo nilikuwa ndani yake, na ilikuwa mbaya. Wimbo wao ulikatika. Wanawake waligeuka wakanitazama, mmoja alikuwa ameweka mikono kichwani, hakuitoa, alinifuata tu kwa macho. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Niliinamisha uso kwenye mgongo wa mume wangu nisiwaone.

Mbele yao kuna mlima mdogo. Tulikuwa hatujafika nusu yake, injini ikakohoa, ikapiga upande mmoja, ikanyamaza. Hakuna aliyeizima. Sindano ilikuwa imekwisha. Shaban alifungua, akakipata kile kipande cha risasi kimelala chini ya kikombe, kidogo kama punje ya mtama, akanionyesha kiganjani.

Nikasikia nyayo nyuma yetu. Wanaume walikuwa wanakuja kutoka msibani, wengi, wanapanda haraka. Nikajua wanakuja kutupiga, na nilijiambia wapige, haki yao. Waliyemtanguliza alikuwa mtu mrefu mwenye udongo mbichi mpaka kwenye viwiko. Baadaye nilijua anaitwa Anatory, na kwamba udongo ule ulikuwa wa kaburi la mdogo wake.

"Mama, mgonjwa ni wako?"

"Ni mume wangu."

"Mnampeleka wapi?"

"Nyanga. Ukoo unamngoja aseme."

Anatory aligeuka akawaambia wenzake kwa Kihaya walete machela. Ilikuwa ile ile waliyombebea marehemu. Wakamlaza Nathanael, wakainua. Shaban aliiegemeza pikipiki kwenye mgomba, akaiacha na funguo zake, akaingiza bega chini ya mti wa machela pamoja nao. Nilitaka kuwaomba radhi, nikafungua kinywa, Anatory akasema, "Waitu, mama, tembea. Utasema siku nyingine."

Walikwenda mwendo wa kukimbia, wakipokezana. Mimi nilikuwa pembeni, nimeshika kidole cha Nathanael, na sikio langu halikuacha kinywa chake hata kidogo. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa ananitazama. Hakusema kitu njia nzima.

Nyanga walikuwa tayari, kama Rugemalira alivyoahidi. Ukoo mzima ulikuwa umekaa sebuleni, nyasi mpya chini. Walimlaza katikati. Rugemalira akapiga magoti, akamshika kichwa.

"Nathanael, umefika kwako. Mimi kaka yako nipo, na wenzetu wapo. Sema."

Midomo ilitembea. Niliiona inatembea! Rugemalira akainama, akaweka sikio. Midomo ikatembea tena, na hakuna sauti iliyotoka, hata kile kinong'ono cha kule Kyetema. Akajaribu mara nyingine, mishipa ikasimama shingoni. Kisha akayaleta macho yake kwangu. Maneno alikuwa nayo, aliyapanga, na mimi nilijua ni yapi, na sauti yake ya mwisho ilikuwa imetumika kuniomba jambo ambalo nilimnyima.

Mlangoni, Anatory akakohoa. "Alisema njiani," akasema. "Alisema mkewe abaki hapa na mtoto. Nilisikia mimi."

Nilimtazama yule mtu. Mdogo wake alikuwa bado hajafukiwa, na alikuwa amesimama kwa watu asiowajua, anasema uongo kwa ajili yangu, mimi niliyempitia na makelele.

Rugemalira aliinua uso. "Ndugu yangu, wewe ni wa ukoo gani?"

Anatory akataja ukoo wake. Haukuwa wetu.

"Asante kwa kumleta," Rugemalira akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Mungu akulipe. Lakini maneno haya hayakuwa yako kuyasikia."

Mimi hakuna aliyeniuliza. Mke naye ni wa ukoo mwingine.

Rugemalira akainama tena, akarudisha sikio kwenye kinywa cha mdogo wake. Alikaa hivyo muda mrefu. Nadhani alikuwa anamsaidia kwa namna aliyoiweza, anampa nafasi mpaka ya mwisho kabisa. Pumzi ilipokwisha sote tuliijua, lakini yeye hakuinuka, aliendelea kusikiliza. Wazee walianza kuvua kofia. Nikatoka kwenda kumchukua Rozi kwa jirani, na nilipomrudisha nilibisha hodi kwanza kabla ya kuingia.